Gari la Kazini Jumatatu, la Uwanjani Jumamosi

Maswali ya wasomaji kuhusu magari na uendeshaji. Anayejibu ni fundi wa breki wa miaka mingi ambaye sasa hufundisha madereva kwenye viwanja vya mbio.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nimeweka akiba kwa muda mrefu na sasa naweza kununua gari ninalolitamani, si lile la lazima tu. Kazini kwangu ni kilomita 35 kwenda na 35 kurudi, na karibu nusu ya njia ni foleni. Siku mbili kwa wiki mimi ndiye ninayempeleka shule mwanangu wa miaka mitano. Nyumbani lipo gari lingine la familia, analitumia mke wangu. Nataka gari la kwendea kazini ambalo pia nitaliingiza kwenye uwanja wa mbio kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Sitaki mashindano, nataka kujifunza kuendesha sawasawa. Sijawahi kuingia uwanjani hata mara moja. Nimechuja nikabaki na manne: Porsche Cayman ya 2007, Mazda MX-5 ya toleo la sasa, Toyota GR86 na Honda Civic Type R. Moyo wangu uko kwa Cayman. Rafiki zangu wananisukuma nichukue Civic kwa sababu ina nguvu farasi zaidi ya 300, wanasema hayo mengine nitayachoka ndani ya miezi sita. Naomba ushauri.

*Mpenda Kona*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Chukua GR86 yenye gia za mkono, na mwaka wa kwanza usiguse kitu zaidi ya breki na alaimenti. Sasa nikueleze sababu, maana najua ukishasoma sentensi hiyo moyo umerudi palepale kwa Cayman.

Tuanze na mtoto. Cayman na MX-5 zina viti viwili tu. Unaweza kumfunga mbele, lakini mahali pa mtoto ni nyuma, mbali na mfuko wa hewa wa dashibodi, na siku akitaka kupanda na mwenzake wa darasani umekwama. Kiti cha nyuma cha GR86 ni finyu, mtu mzima hakai humo akafurahi, ila mtoto wa umri huo anakaa. Akikua, magoti yakianza kugusa kiti cha mbele, siku hizo mbili mtabadilishana magari na mama yake. Hilo mliongee leo kabla hujalipa, lisije likazuka baadaye.

Cayman naipenda, tena sana. Injini imekaa nyuma ya mgongo wa dereva, uzito umekusanyika katikati ya gari, na ukigeuza usukani pua inaitika papo hapo. Lakini ya 2007 ina injini ya kizazi kile chenye shafti ya kati, ambayo beringi yake ikivunjika injini nzima inaweza kwenda nayo. Si kila moja huvunjika, na za miaka hiyo zilipewa beringi kubwa kuliko zilizotangulia; tatizo ni kwamba huwezi kuibadilisha bila kupasua injini. Porsche waliiondoa shafti hiyo kwenye injini mpya za toleo la 2009. Kwa hiyo kama Cayman itakataa kabisa kutoka kichwani mwako, ongeza akiba utafute ya 2009 au ya baadaye. Na ukumbuke jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau: gari lililotumika hushuka bei mwaka hadi mwaka, lakini diski na pedi zake hazishuki nalo. Uwanjani utazinunua mara nyingi kuliko unavyodhani.

Civic Type R sina neno baya juu yake. Ina milango mitano, buti la kweli, na gia zake ni miongoni mwa zilizonifurahisha zaidi mkononi. Wenzako hawajakosea kuisifu. Ninachokiangalia mimi ni kwamba hujawahi kuingia uwanjani. Nikiwa kwenye kiti cha abiria naliona jambo hili tena na tena: mwanafunzi mwenye gari la nguvu anaingia kona vibaya, anatoka vibaya, halafu kwenye sehemu iliyonyooka anakanyaga mafuta na kuwaacha wote. Anarudi na tabasamu, anaamini ameiva. Gari limemfichia makosa. Gari la nguvu ya wastani halikufichii kitu. Ukiipoteza kasi kwenye kona, utaihesabu hasara hiyo mita kwa mita mpaka kona inayofuata, kwa sababu hakuna nguvu ya ziada ya kuirudisha. Hapo ndipo mtu anaanza kufikiri kuhusu mahali pa kufunga breki, mahali pa kuachia, macho yatazame wapi.

Tena Civic ni gari la karibu kilo 1,400 linalovutwa na magurudumu ya mbele. Tairi hizo mbili zinavuta, zinageuza, na zinabeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Dereva aliyekomaa anajua kuzihurumia. Anayeanza huzimaliza kingo za nje, na nyingi nimeziona zikitolewa uwanjani zikiwa zimelika bega wakati katikati bado kuna mpira wa kutosha.

Sasa GR86. Ukoo huu ulianza 2012, Toyota na Subaru wakishirikiana, ndiyo maana Subaru BRZ ni pacha wake. Ukipata nzuri ya upande wowote, chukua. Mhandisi mkuu upande wa Toyota, Tetsuya Tada, aliridhia lile la kwanza lifungwe tairi za upana wa milimita 215 tu, za aina iliyofungwa pia kwenye baadhi ya Prius. Watu walishangaa gari la michezo kupewa tairi za gari la kubana mafuta. Yalikuwa makusudi: gari lianze kuteleza kwa kasi ya chini, taratibu, dereva ahisi mapema na ajifunze kulirudisha kwenye mstari. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa busara kubwa, na natamani viwanda vingine vingekuwa na ujasiri huo. Toleo lililotangazwa 2021 lina injini ya lita 2.4 isiyo na turbo, nguvu farasi kama 230, na bado liko chini ya kilo 1,300. Silinda zimelala ubavu, injini imekaa chini, na gari halilali sana kwenye kona. Ukilaza mgongo wa kiti cha nyuma, magurudumu manne yanaingia ndani. Waliobuni gari hili walilifikiria hilo: unaondoka nyumbani na tairi za barabarani, unafunga nyingine uwanjani, unarudi na zilezile za kwanza.

Kwa nini nang'ang'ania uzito? Kwa sababu nimeshika breki maisha yangu yote. Nishati ya gari linalokimbia hukua kwa mraba wa kasi. Ukishuka kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 90 kabla ya kona, unadhani umeondoa nusu. Umeondoa robo tatu, na karibu yote imegeuka kuwa joto kwenye diski na pedi, ndani ya sekunde chache, kisha unarudia kona inayofuata na mzunguko unaofuata. Kila kilo ya ziada inaongeza joto hilo. Gari jepesi linakula pedi kidogo, tairi kidogo, mafuta kidogo, na linakuvumilia zaidi ukikosea.

Dosari zake nakwambia wazi. Wamiliki wanaolipeleka uwanjani wamepima na kuona presha ya oili ikishuka kwenye kona ndefu za kulia zinazopigwa kwa kasi, hasa wakiwa na tairi zenye mshiko mkali. Wengine wamefungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, wakakuta vipande vya gundi ya kuzibia vimenasa kwenye chujio la kunyonyea oili. Kwa matumizi yako, na tairi za barabarani, usiogope, ila fanya haya: oili ikae karibu na alama ya juu kila unapoingia uwanjani, uibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema, na kama unanunua lililotumika, fundi afungue sampu alitazame chujio hilo. Dosari nyingine ni kelele za tairi barabarani. Hiyo utaizoea.

Kulijaribu gari, usilipeleke barabara nyeupe isiyo na magari. Huko magari yote ni matamu. Lipeleke kwenye foleni, saa ileile unayokwenda kazini. Sikiliza goti la kushoto baada ya kukanyaga klachi kwa nusu saa. Tafuta barabara iliyochakaa upite na mke wako akiwa kiti cha pembeni, uone anasema nini. Kisha simamisha, weka mgongo wote kwenye kiti, nyoosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kifike juu ya mduara bila bega kunyanyuka. Kama hakifiki, sogeza kiti. Kama ukisogeza magoti yanagonga usukani, gari hilo si lako hata likiwa zuri namna gani. Mwisho kanyaga breki kwa nguvu na uone kama upande wa mguu huohuo unaweza kugusa kanyagio la mafuta, maana ndivyo utakavyofundishwa kushusha gia.

Kuhusu fedha, usimalize akiba yote kwenye gari. Tenga fungu la mafuta ya breki yanayostahimili joto, pedi zinazofaa, seti ya tairi, oili, ada ya uwanja na helmeti. Helmeti iwe na alama ya Snell SA, ya magari, ambayo hupimwa pia kwa moto. Yenye alama ya M ni ya pikipiki. Soma na mkataba wako wa bima mstari kwa mstari. Bima nyingi za kawaida huondoa uwanja wa mbio hata kama hakuna mashindano, na udhamini wa kiwanda nao mara nyingi una masharti yake. Halafu ujiulize swali hili ukiwa peke yako, na ulijibu kwa ukweli: nikiligonga Jumamosi, Jumatatu nakwenda kazini na nini? GR86 ukiiharibu utaumia. Cayman iliyokumalizia akiba yote ukiiharibu, nyumba nzima itaumia. Na dereva anayeogopa kuligusa gari lake hajifunzi, anakaa kiti cha mbele akihesabu madeni.

Wasemao utalichoka, waambie waje mwaka kesho wapande nawe.

SWALI

Hujambo Mwalimu. Nina gari dogo lenye turbo. Mzunguko wa nne uwanjani, kanyagio la breki lilizama mpaka chini. Nilipumpu likarudi kidogo, nikatoka nikitetemeka. Fundi akanifungia pedi mpya za bei kubwa. Safari iliyofuata likazama tena. Sasa anasema tubadilishe masta silinda. Nikubali?

*Bado Nashtuka*

JIBU

Sijambo. Pole sana, na nashukuru umetoka salama. Usikubali bado.

Breki zikichemka, mguu wako unakwambia kilichochoka. Kama kanyagio ni gumu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu zote na gari halipungui kasi, zimechoka pedi: gundi iliyoshikilia unga wake imepata joto kupita kiasi, inatoa gesi, na pedi inateleza juu ya diski. Kama kanyagio linakuwa laini, linazama, na ukipumpu linarudi, yamechemka mafuta ya breki. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa. Unakanyaga viputo badala ya kukanyaga breki. Uliyoeleza wewe ni hilo la pili, na pedi mpya zisingeweza kulitibu.

Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Kiwango cha DOT 4 kinataka yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, na yakishanyonya maji, yasichemke chini ya 155. Tazama pengo hilo. Barabarani hutaligundua kwa miaka. Uwanjani linakukuta mzunguko wa nne. Muulize fundi wako yalibadilishwa lini mara ya mwisho, na kama hajui, umeshapata jibu.

Mwambie ayatoe yote, magurudumu yote manne, mpaka yatoke safi bila kiputo, aweke yaliyotengenezwa kwa mbio, ambayo yakiwa mapya huvuka nyuzi 300. Hayo nayo hunyonya maji, kwa hiyo usiyaache yakae mwaka. Asikuwekee DOT 5: hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na haya. DOT 5.1 ni kitu kingine, hiyo inaruhusiwa.

Masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga, ipime bure kabla ya kuinunua. Gari limesimama, injini inawaka, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida na ushikilie kwa dakika moja. Kanyagio likizama polepole huku hakuna mvujo wowote kwenye magurudumu, mipira ya ndani imekwisha na fundi wako yuko sahihi. Likisimama imara, mwache masta silinda yako apumzike.

Ukirudi uwanjani, mzunguko wa mwisho uwe wa kupoza: endesha taratibu, gusa breki kidogo iwezekanavyo, hewa ipite kwenye diski. Ukifika maegesho usivute hendibreki. Pedi zitakuwa zimebana diski ya moto sehemu moja, na wakati mwingine zinaacha alama ambayo baadaye utaisikia kama mtikisiko kwenye kanyagio. Acha gari kwenye gia, weka kigingi chini ya tairi.

SWALI

Mwalimu, nina MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya taa zinazofunguka. Naitumia kila siku. Uwanja ninaotaka kwenda wanadai fito la kinga nyuma ya viti, lile la chuma la kulinda kichwa gari likipinduka. Nifunge la kudumu?

*Paa Wazi*

JIBU

Funga, na hongera kwa kulitunza. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989 likiwa na kilo kama 950, na hadi leo nikikaa pembeni ya mwanafunzi mwenye nalo najua siku itakuwa njema.

Viwanja vingi hupima hivi: wanaweka fimbo iliyonyooka kutoka juu ya fito hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele, wewe ukiwa umekaa na helmeti kichwani. Helmeti ikigusa fimbo, huingii. Ukiwa mrefu, kabla ya kununua fito refu zaidi, mwone fundi wa viti apunguze sponji ya kukalia. Sentimita mbili au tatu hupatikana hapo.

Hatari iko siku za kazi, na wengi hawaambiwi. Uwanjani una helmeti. Jumatatu huna, na chuma kiko karibu na kisogo chako. Ukigongwa nyuma kwenye foleni, kichwa kinakifuata. Lifunike fito kwa sponji ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha kaa kwenye kiti kama unavyokaa kila siku na ujaribu kuligusa kwa kichwa. Likigusika kwa urahisi, rudisha gari kwa fundi kabla hujalitumia barabarani.

SWALI

Naweza kutumia tairi za nusu mashindano kila siku, ili nisihangaike kubadilisha?

*Mvivu wa Jeki*

JIBU

Hapana. Zina mifereji michache ya kutolea maji, na mvua kubwa ikikukuta barabarani gari litaelea. Zikiwa za baridi hazishiki vizuri, zikiwa za moto zinaisha haraka, na safari ya kazini haizipashi joto inavyotakiwa. Kwa dereva anayejifunza, tairi nzuri ya barabarani yenye mshiko inatosha kwenda na kurudi: inapiga kelele kabla ya kuachia, na kelele hiyo ni mwalimu.

Upepo upime zikiwa za moto, mara tu unapotoka uwanjani, kwa geji yako mwenyewe. Hewa ikipata joto presha hupanda, kwa hiyo utapunguza kidogo baada ya kila duru ili tairi isivimbe katikati. Ukipunguza hivyo mchana kutwa, jioni zikipoa zitakuwa na upepo mdogo kuliko unaotakiwa barabarani. Beba pampu ndogo kwenye buti, subiri zipoe, zijaze hadi namba iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva, kaza na nati za magurudumu kwa spana ya kupimia, ndipo uondoke.